Jina la Mtunza Stoo

Nimemwonea wivu mtu mmoja kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kunizidi cheo. Mimi nilikuwa afisa utumishi wa kiwanda, mwenye shahada na ofisi yenye pazia. Yeye alikuwa mtunza stoo. Alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha, katikati ya magunia matupu, mikanda ya mashine na madumu, kofia ya sufu ameivuta mpaka masikioni kuanzia Mei hadi Agosti, baridi ya Iringa inapokuwa imeshika kweli.

Kiwanda chetu kilikamua mafuta ya alizeti. Mwenyewe alikuwa mama mjane aliyeanza na mashine moja ya kukamulia, na wote tulimwita Mama Mkurugenzi. Tulikuwa wafanyakazi kama sitini pale Iringa, na wachache kwenye ghala la Mbeya. Kati ya watu wote hao hakuna aliyekuwa akikunja ndita kama mtunza stoo. Ukimsalimia asubuhi, anaitikia kama umemdai. Chai yake ukiigusa, hata kwa bahati mbaya, mtanuniana hadi Ijumaa. Pamoja na hayo, walimpenda. Ndilo jambo nililoshindwa kulielewa. Mimi nilitabasamu na kila mtu, nilikariri majina ya watoto wao, nilinunua soda kwenye sherehe za Mei Mosi, na bado nikipita karakana wananyamaza. Akipita yeye, wanamfanyia nafasi kwenye benchi.

Pale stoo alikuwa hamwamini mtu. Kila kilichotoka kiliandikwa kwenye daftari, na jina la mchukuaji lilipaswa kuwa majina matatu kamili. Mama Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kutuma mtu akachukue ufagio. Yule mtu akaandika "Ofisi ya Mkurugenzi." Mtunza stoo akalisukuma daftari likarudi.

"Ofisi haina mikono," alisema. "Nani anashika ufagio?"

Mama akashuka ngazi mwenyewe, akaandika majina yake matatu, akaondoka na ufagio huku anacheka. Mimi ningefanya vile ningeandikiwa barua ya onyo.

Lakini nyumbani kwake Kihesa, mtu huyohuyo hakuwa na kufuli. Mlango wa uani aliufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Baiskeli yenyewe iliazimwa na mtaa mzima, na hakumwandika mtu. Nilimuuliza mara moja kwa nini vitu vya kiwanda anavilinda hivyo na vyake anaviacha vikizagaa.

"Vile siyo vyangu," alinijibu, kana kwamba nimemuuliza jua huchomoza wapi.

Sitaki mnielewe kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mwongo wa mambo madogomadogo. Kwa miaka mingi aliwahadithia vijana wa karakana jinsi alivyoishi Zambia, mabasi yao yalivyo, ugali wao ulivyo laini. Mimi nikapata kujua, kupitia dereva mmoja wa siku nyingi, kwamba alifika Tunduma tu, akalala siku mbili upande wetu wa mpaka, akarudi. Nilifurahi. Wakati wa chakula cha mchana nikalitoa mbele ya watu, kwa utani, lakini moyoni haukuwa utani. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mtunza stoo naye akacheka, akasema, "Lakini ugali niliuona kwa mbali." Kuanzia siku hiyo wakamwita Mzambia, na wakampenda zaidi. 

Jumamosi alikunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, vikombe viwili, hakuongeza wala kupunguza. Jumapili aliimba besi kwenye kwaya ya usharika wake na kuiharibu besi yote. Nina sikio la muziki, nawaambia kweli. Nilikwenda siku moja kwa makusudi kumsikiliza akikosea. Alikosea. Mwalimu wa kwaya akamtazama kwa upendo kama anayemtazama baba yake.

Watu walimwachia vitu. Dereva aliyekuwa anakwenda kufanyiwa operesheni alimwachia hati ya kiwanja. Mama mmoja wa kitengo cha kufungasha, mjane mwenye mdomo, alimwachia vyeti vya watoto vya shule kwa sababu nyumba yake ilikuwa inavuja. Mimi mafaili yao yote nilikuwa nayo, lakini hayo walinipa kwa sababu fomu zilitaka. Kilichonichoma kuliko vyote kilitokea siku niliyopoteza ufunguo wa nyumba yangu. Nilimpigia simu mke wangu akiwa kwao Tukuyu.

"Nenda kwa mtunza stoo," alisema. "Nilimwachia wa akiba."

"Kwa nini yeye?"

"Sasa ningemwachia nani?" mke wangu akaniuliza, na alikuwa anauliza kweli.

Basi ndiye mtu huyo. Sasa nieleze habari ya mfuko, maana bila mfuko huu wivu wangu ungebaki kuwa ugonjwa wangu mwenyewe usiomdhuru mtu.

Mama Mkurugenzi alikuwa amewaona wazee wake wa mwanzo wakistaafu, akaona kwamba mafao yale ya lazima hayawatoshi. Akaamua kiwanda kianzishe mfuko wake wa kustaafu juu ya ule wa lazima: kila mwezi anaweka kitu kwa ajili ya kila mfanyakazi, kwenye akaunti ya pembeni. Akaniita niandike kanuni. Niliandika kwa wiki tatu. Kwenye kifungu cha usimamizi niliweka: "Mfuko utasimamiwa na uongozi wa kampuni." Niliona sentensi hiyo imekaa vizuri.

Tulikutana kwenye banda la kufungashia, watu wamekaa juu ya magunia. Nilisoma kanuni zote. Nikauliza kama kuna swali. Mtunza stoo, ambaye kwenye mikutano alikuwa analala, akainua mkono.

"Afisa, hapo kwenye usimamizi. Jina liko wapi?"

"Mzee, siyo lazima jina. Ni uongozi wa kampuni."

"Uongozi hauna mikono," akasema. "Mama akiwa hayupo, Mungu apishe mbali, nani anashika?"

Nikaeleza kitaalamu. Nikasema kampuni ni mtu mbele ya sheria. Watu wakanitazama mimi, kisha wakamtazama yeye, na nikaona wazi wamebaki kwake. Mama Mkurugenzi akasema tumuulize wakili.

Wakili, mwanamke mfupi mwenye ofisi karibu na stendi ya zamani, alikuja wiki iliyofuata. Alisoma kifungu changu mara mbili. Kisha akazungumza na watu kwa lugha rahisi kuliko nilivyotumia mimi.

"Hizi fedha zikishawekwa kwa ajili yenu, lazima awepo anayezishika kwa niaba yenu. Huyo ndiye mdhamini. Anaweza kuwa mtu, wanaweza kuwa watu kadhaa, inaweza kuwa taasisi. Msipomtaja, mfuko haufi. Lakini pengo litabaki, na wa kwanza kulijaza atakuwa mwajiri. Siku mkigombana na mwajiri, au akiuza kiwanda, mtamwendea nani kumdai? Mwandikeni mtu. Jina lake, na kwamba hizi siyo za kampuni."

Mtunza stoo alikuwa amelala tena.

Ikatakiwa achaguliwe mdhamini. Nitasema ukweli: siku ile nilivaa tai. Nilijua ni mimi. Nani mwingine angejua kusoma taarifa ya benki, kuandika barua, kubishana na wakili? Nilikuwa nimeshajaribu jinsi sahihi yangu itakavyokaa juu ya neno "Mdhamini." Yule mama wa kufungasha akasimama, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Mimi namtaja mtunza stoo." Mikono ikapanda yote, kama mashine imewashwa.

"Jamani," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana hofu, "mimi kusoma kwangu kwa shida."

"Utasoma polepole," mama akamjibu. "Sisi tutasubiri."

"Na Afisa ataandika," mtu akasema nyuma. "Yeye anajua kuandika."

Nikaandika. Niliiandika hati ya udhamini vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, nikaweka majina yake matatu, nikaweka tarehe ya siku ile chini. Ilibaki Mama Mkurugenzi asaini, mzee asaini, wakili ashuhudie, kisha iende benki ili akaunti iondolewe jina la kampuni. Kazi ya siku mbili. Nikaiweka kwenye droo, chini ya fomu za likizo, nikasema kesho.

Ilikaa miezi saba.

Sikuwa na mpango wa kuiba wala wa kuharibu. Nikifungua droo nikaona ukingo wa ile karatasi, naona mikono ile inapanda, nafunga droo. Mzee alinijia mara nne au tano, kofia mkononi.

"Afisa, ile karatasi imefika?"

"Iko kwenye mchakato, Mzee."

"Haya," anasema, anarudi stoo. Hakuwa mtu wa kuamini neno kuhusu pipa la mafuta. Langu aliliamini.

Kisha Mama Mkurugenzi akapata kiharusi. Upande wake wa kushoto ukalala, maneno yakawa yanatoka kwa kuvutwa. Dada yake akamchukua Mbeya amuuguze. Mtoto wake wa kiume, mtu mzima mwenye biashara zake Dar es Salaam, akaja kushika kiwanda, na mwezi haukuisha akawa amepata wanunuzi. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka kumaliza. Ijumaa moja asubuhi akaniita, akageuza kompyuta nione.

"Hii akaunti ya pembeni ni ya nini?"

"Ni mfuko wa kustaafu wa wafanyakazi."

"Ina jina la kampuni. Mdhamini wake nani?"

Nikaisogelea kompyuta kama ninayesoma.

"Kuna hati iliyosainiwa au hakuna? Wanunuzi wanakuja Jumatatu. Kama hakuna, hii ni mali ya kampuni, inauzwa na vingine vyote. Baadaye tutaona la kufanya."

Nilijua "baadaye tutaona" maana yake nini, nimeiandika sana kwenye barua za watu. Nilirudi ofisini, nikakaa. Niliwaza yule mama wa kufungasha, aliyebakiza miaka miwili. Niliwaza dereva wa operesheni, ambaye hakupona vizuri. Nikatoa karatasi, nikashuka stoo, nikamwambia mzee, "Kesho twende Mbeya. Mama lazima asaini."  Alifunga stoo, akavuta kufuli mara tatu kuhakikisha.

Tulipanda basi la asubuhi. Kabla hatujafika Mafinga akaniomba aisome. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza, mimi nikitazama misonobari ikipita na kuomba asifike mwisho. Alifika mwisho tukiwa tunaingia Makambako. Kidole kikasimama kwenye tarehe.

"Afisa, hii tarehe ya lini?"

"Ya siku niliyoandika."

Alihesabu kimya. Nilimwona akihesabu. Kisha akaikunja karatasi kwenye mikunjo yake ileile, akanirudishia. Basi liliposimama alinunua mayai mawili ya kuchemsha, akanipa moja. Sijawahi kula kitu kigumu kumeza kama lile yai.

Mama Mkurugenzi alikuwa amekaa kwenye kiti sebuleni kwa dada yake, blanketi magotini. Kichwani alikuwa mzima kabisa. Wakili wa palepale Mbeya aliyeitwa kushuhudia alimuuliza maswali, akaridhika. Mama akaishika kalamu, kisha akaiweka chini.

"Mbona," akasema, neno moja moja, "hamkuniletea, mapema?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme "mchakato." 

"Tulichelewa, Mama," mtunza stoo akasema. "Utusamehe."

Tulichelewa, alisema. Alichelewa wapi yeye? Alijiingiza kwenye kosa langu kama mtu anayeshika upande wa pili wa meza nzito. Mama akasaini. Yeye akasaini, polepole, majina yote matatu. Mimi nilisimama pembeni, na mtanisamehe, hata pale nilimwonea wivu. Nilijiuliza mtu anapata wapi neno kama lile, na kwa nini halikuja kwangu.

Jumatatu, mtoto wa Mama aliisoma hati, akapiga simu mbili, akasema sawa, nayo ikapelekwa benki. Kiwanda kikauzwa, mfuko haukuuzwa. Wafanyakazi walipojua jinsi ilivyokuwa karibu kupotea, walimwinua mzee juujuu pale uani, naye akawa anapiga kelele wamshushe, mgongo unamuuma. Nilikuwa dirishani, nyuma ya pazia. Hakuna aliyeuliza hati ilikuwa wapi miezi saba. Yeye hakusema, na mimi sikusema.

Aliendelea kuwa mdhamini miaka mingi, baadaye na wenzake wawili. Benki alikwenda kwa miguu, na inasemekana kila karani aliyempa taarifa, yeye alimdai majina yake matatu. Yule mama wa kufungasha alistaafu na kuezeka bati jipya. Mimi nilibaki utumishi kwa wamiliki wapya, nikipokea barua zilizoanza na "Kupitia kwa Mdhamini," nazijua kwa mwandiko wake juu ya bahasha kabla sijazifungua. Ungedhani aibu ingeua wivu. Haikuuua. Ilinipa sababu nyingine: sasa alikuwa ananizidi hata kwa siri aliyoitunza, na siri yenyewe ilikuwa yangu.

Alipoacha kazi alihamia Idodi, kulima mpunga. Mwaka jana nikastaafu na mimi. Hati ya malipo yangu ya mfuko ilikuja na sahihi yake, moja ya mwisho alizotia kabla hajakabidhi kwa mdhamini mpya. Niliitazama siku mbili nzima. Mke wangu akasema, "Si uende tu."

Nikaenda. Nilimkuta uani, amekonda, kofia ileile au ndugu yake. Tuliamkiana. Walipika wali wa shambani kwao na kuku. Tulikula pamoja: yeye, mkewe, binti yake, na mwinjilisti wa jirani aliyepita kusalimia akashikwa abaki. Mkewe alinitazama sana.

"Huyu ndiye yule wa Mbeya?" akamuuliza mumewe.

"Ndiye mwenyewe."

Mkewe akaacha kula. Akanawa mkono, akanipa mikono yake miwili kwa pamoja. "Mnyalukolo, ndugu yetu, asante. Huyu mzee kila mgeni anamsimulia. Kwamba fedha za watu zilikuwa zinapotea, wewe ukaitoa karatasi, ukakimbia naye Mbeya. Anasema bila Afisa tungekuwa maskini."

Binti naye akasema anaijua hadithi hiyo. Mwinjilisti akasema aliwahi hata kuitumia kanisani.

Nilimtazama mtunza stoo. Alikuwa anatenganisha nyama na mfupa, hana habari na mtu. Miaka yote mimi nikimwonea wivu kwa jina lake, yeye alikuwa huku anapeleka jina langu nyumba kwa nyumba. Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimepewa kila nilichokitaka siku ile nilipovaa tai, na nimepewa na mtu pekee aliyejua kwamba si haki yangu.

"Hiyo siyo yote," nikasema.

Nikawasimulia. Nilianza na mkutano wa banda, mikono ikipanda, na jinsi nilivyotamani iwe kwa ajili yangu. Nikasimulia droo, fomu za likizo juu yake, miezi saba, na jinsi mzee alivyokuja mara nne au tano na mimi nikamwambia mchakato. Nikasema kama Mama Mkurugenzi angekufa badala ya kuugua, pasingekuwa na hadithi ya kumsimulia mgeni. Nikasema kuhusu basi, kidole kwenye tarehe, na "tulichelewa." Nilifika mwisho. Binti alikuwa ameshika kijiko hewani. Mwinjilisti aliangalia mkeka. Mama wa nyumba hakuangalia popote ila kwa mumewe, akisubiri.

Mtunza stoo alimaliza mfupa wake, akauweka ukingoni mwa sahani, akajifuta vidole.

"Umesahau mvua," akasema. "Siku ile Mbeya ilinyesha vibaya sana. Viatu vya Afisa vilifunguka soli, ikabidi atembee peku mpaka kwa Mama." Akamgeukia mkewe. "Mwongeze mchuzi, wali wake umekauka."